Pipi Hailali na Mtu

Siku ya arobaini ya Bibi Zuhura nilitoka Madale kabla jua halijapanda, nikafika Temeke nikakuta wanawake wameshaanza kumenya vitunguu uani. Shoga mmoja wa marehemu, aliyekuwa akisimamia masufuria, aliniona nimekaa tu, mikono mapajani. "Wewe mrefu," akaniambia, "hebu ingia ndani uniletee karafuu. Zimo kabatini, kwenye kopo." Nikaingia. Kabati ni lile lile, na mlango wake mmoja bado unafungwa kwa kipande cha kanga. Kopo lilikuwa rafu ya juu: la bati, la mviringo, jekundu lililopauka, kifuniko kimechorwa kengele mbili. Nililijua kabla sijaligusa. Siku ya maziko sikutoa chozi. Nilijiambia mtu aliyefika miaka themanini na ushei, akaswali, akalea, akafa kitandani mwake, anaombewa dua tu. Mbele ya lile kopo nililia kwa sauti, mpaka yule shoga wa Bibi akanifuata, akachota karafuu zake kiganjani, akaniacha na kopo langu.

Nasema langu kwa sababu kweli lilikuwa langu, na kilichotoka ndani yake nilimpa mtoto mimi, kwa mkono wangu. Mwaka ule nimewasimulia wanangu mara nyingi, na kila nikifika hapo huwa naruka. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, nikapelekwa kwa Bibi Zuhura nikamsaidie kumwangalia mjukuu wake Asha, mtoto wa miaka sita. Mama yake Asha, Mwanahamisi, alikuwa ameondoka mwezi mmoja kabla kwenda Maskati, kufanya kazi za ndani. Tulilala chumba kimoja: Bibi kitanda cha dirishani, mimi na Asha kitanda cha ukutani, chini ya chandarua chenye viraka vingi kuliko matundu. Chumba kilinuka mafuta ya nazi na udi wa Ijumaa, na mchana jua likishapiga bati hakikuwa kinakalika. Vyumba vingine vilikuwa vya wapangaji. Ng'ambo ya korido alikaa Mama Upendo, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Iringa, mama mcheshi, mkarimu, mwenye jibu la kila kitu.

Bibi Zuhura alikuwa mstaafu. Miaka yote ya kazi alikuwa mhudumu kwenye kitengo cha meno hospitalini: kufagia, kuchemsha vyombo, kuwashika watoto mikono wakati wanang'olewa. "Nimewashika wengi," alikuwa akisema, "na kila mama ukimuuliza, anakwambia hajui jino limetobokaje." Kutokana na hayo alitunga utaratibu wake, na utaratibu huo ndio uliompa jina mtaani: Bibi Sinia. Siku ya Idi watoto walizunguka nyumba hadi nyumba na nguo zao mpya, wakipewa sikukuu yao, pipi, tofi, visheti, kashata, ubuyu mwekundu uliofungwa kwenye vinailoni. Wengine walimumunya tangu watu wanatoka swala mpaka magharibi. Watoto wa nyumba yetu walipokea, wakashukuru, wakatia mfukoni. Baada ya pilau Bibi alitandika mkeka uani, akaweka sinia katikati, na kila mtoto akamwaga alichonacho. Hapo walikula, wote kwa pamoja, kadiri walivyotaka, na Bibi mwenyewe alikula nao, maana kwa kashata alikuwa mtoto kuliko wao. Hakuwa mchoyo, ingawa watu walimsema hivyo. Hakujali sana wingi wa pipi, alijali muda zinaokaa mdomoni. "Kula umalize," aliwaambia. "Si pipi kutwa nzima ushavuni kama mbuzi anayecheua." Sinia likipungua alisema, "Haya, maji," na kata ikazunguka, wakasukutua, ikafuata miswaki. Zilizobaki alizifunga kwenye kitambaa zingoje kesho, baada ya chakula cha mchana. Na amri ya mwisho, ambayo haikuwa na mjadala: "Pipi hailali na mtu humu ndani."

Mwaka ule Krismasi ilitukuta kwenye Ramadhani, zimebaki siku mbili kufunga kuishe. Mama Upendo alituletea sahani yetu wakati wa kufuturu, wali na kuku na chapati, imefunikwa kitambaa cheupe, na juu yake kaweka lile kopo jekundu. "Hizi za Asha," alisema. "Maskini, sikukuu ya kwanza hana mama." Bibi alishukuru, akanikabidhi kopo. "Weka, Pili. Za sinia hizo." Nikalisukuma chini ya kitanda, nyuma ya begi langu, na siku ya Idi sinia lilifurika hata hakuna aliyeliulizia. Asha alikula kashata moja, basi. Gauni lake la pinki lilitoka Maskati, likawa kubwa mabegani, na mtoto mmoja wa jirani alikuwa amemwambia, "Mama'ko kahamia kulekule, harudi tena." Watoto husema hivyo kisha wakaenda kucheza. Yeye hakwenda kucheza. Tulipopanda kitandani, Bibi akiwa bado kwenye msala wake koridoni, niliusikia mwili wa mtoto unatikisika. Alikuwa analia bila sauti, uso ameuelekeza ukutani. Nilimpapasa mgongo, nikamwimbia, nikamwambia mama atarudi. Hakunyamaza. Nikanyoosha mkono chini ya kitanda.

Ilikuwa pipi ya chungwa. Aliitia ushavuni, akashusha pumzi, na kabla Bibi hajakunja msala alikuwa amelala. Nilijiambia ni ya siku ile tu. Kesho yake akaniuliza kwa kunong'ona, "Dada, ipo ya kulalia?" Nikampa. Ikawa ndiyo desturi yetu, mimi na yeye, na kopo lilipokwisha nililijaza tena kwa pipi za dukani, za chungwa zilezile, maana za limau alizikataa. Nikitafuta neno la kujitetea, naweza kusema nilikuwa na miaka kumi na saba, na kwamba kilio cha mtoto aliyekosa mama ni kitu kizito kwa msichana aliyekuwa hajui hata yeye mwenyewe ataishia wapi. Hiyo ni kweli. Kweli nyingine ni kwamba nilipenda kupendwa. Mchana Asha alikuwa wa Bibi. Saa ya kulala alikuwa wangu. Asubuhi nilimsugua meno kwa nguvu mpaka akalalamika, nikidhani nalipia ya jana.

Matokeo yangu yalitoka, nikafeli, na hilo pia lilinifanya nishikilie zaidi kile kidogo nilichokuwa nikikiweza. Miezi ikaenda hivyo, Idi Kubwa ikapita na sinia lake, mvua za masika zikajaza mtaro ulio nyuma ya nyumba, zikakoma. Mwezi wa tisa Asha aliacha kutafunia upande wa kulia. Nilimwona nikajifanya sijamwona. Kisha siku moja tukiwa bombani aliniambia, "Dada Pili, hapa pananiuma nikinywa maji." Nikamfungua mdomo. Nyuma kabisa, chini, upande anaolalia, kulikuwa na jino kubwa lenye tundu jeusi katikati. Mtu mwenye akili angempeleka moja kwa moja kwa Bibi, ambaye alikuwa ameketi kwenye mbuzi hatua kumi kutoka tulipo, anakuna nazi. Mimi nilimwambia Asha, "Usimwambie Bibi, utampa wasiwasi." Bibi angeangalia, na akishaangalia angeuliza. Nikamsubiri Mama Upendo arudi kutoka shule.

"Ana miaka mingapi?" Mama Upendo aliniuliza huku anavua viatu mlangoni.

"Anakaribia saba."

"Basi la utoto hilo. Litang'oka lenyewe, lije jingine. Sie wa Iringa hata hatujisumbui nayo hayo. Mtie karafuu, maumivu yatapoa."

Sijawahi kufurahia jibu kama lile. La utoto! Kwa hiyo hakuna kilichoharibika; kulikuwa na jino jipya linangoja zamu yake huko chini, na kosa langu lingeng'oka pamoja na lile bovu, bila mtu kujua. Mama Upendo sikumlaumu wala simlaumu. Nyumba nzima ingenijibu hivyohivyo, mtaa mzima, isipokuwa mtu mmoja, na huyo ndiye niliyemkwepa. Nikaiba karafuu kabatini, nikawa namtilia Asha mojamoja. Pipi nilizipunguza. Kuziacha sikuziacha, kwa sababu sasa alikuwa na sababu mbili za kulia.

Zilipita wiki tano au sita, kisha asubuhi moja akaamka shavu limevimba, jicho la upande huo limekuwa dogo, mwili unachemka. Bibi alimbeba mpaka mlangoni penye mwanga, akamwingiza kidole mdomoni polepole, na nikauona uso wake unabadilika. "Limeanza lini hili?" aliuliza, na hakumuuliza mtoto. Nikasema, "La utoto hilo, Bibi. Litatoka." "La utoto?" akasema. "Hebu nionyeshe lililotoka likalipisha hili. Pili, hili limeota nyuma ya yote, peke yake. Hili ndilo la kwanza la ukubwani."

Daktari alikuwa mwanamke mpole, aliongea na Asha kwanza kabla ya kuongea na sisi. Alimpa dawa za kushusha uvimbe, akatuambia turudi baada ya siku chache, na tuliporudi alisema jino limeoza mpaka ndani, halina dawa ila kutoka. Alituambia wao huliita jino la miaka sita. Linaota kimyakimya nyuma ya meno ya utoto, hakuna linalong'oka kulipisha, kwa hiyo wazazi wengi wanadhani ni mojawapo ya yale ya kwanza, wanaliacha. "Na likitoka hili," alisema, "halina jingine chini yake." Kisha akauliza swali, akimtazama Bibi: "Huwa analala na kitu kitamu mdomoni? Maana limeoza haraka, na upande mmoja tu."

"Nyumbani kwangu, daktari," Bibi alisema, amenyoosha mgongo kabisa kwenye kile kiti, "pipi hailali na mtu."

Alisema kwa fahari. Sijui niiteje, lakini ilikuwa fahari, ya mtu ambaye jambo moja hili amelishinda. Nami nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaitazama picha ya meno iliyobandikwa ukutani, nikahesabu meno ya juu, nikahesabu ya chini. Daktari alingoja kidogo. Nafasi ilikuwepo, tena ndefu. Sikusema. Asha akalazwa kwenye kiti, na Bibi, aliyewashika mikono watoto wa watu miaka yote hiyo, akamshika mikono wa kwake.

Asha alitoka na jino lake ndani ya pamba, akiwa amelishika kama kitu alichoshinda. Tulipofika nyumbani, kabla hata ganzi haijaisha, alitaka kulirusha juu ya bati kama watoto wote. Bibi aliingia ndani, hakutaka kuona. Kwa hiyo nikasimama naye uani mimi, na yeye akalirusha kwa mkono wake mdogo, akasema maneno yao yale kwa mdomo uliolegea: kunguru, kunguru, chukua jino lako bovu, nipe langu zuri. Likagonga bati, likabingirika, likanyamaza. "Litaota lini, dada?" akaniuliza. "Bado kidogo," nikamwambia.

Wakati ule Mwanahamisi alikuwa akipiga simu Jumamosi baada ya alasiri, kwa jirani mwenye simu ya mezani, nasi tulikwenda kumsubiri sebuleni kwa watu, tukiwa tumekaa ncha za viti. Jumamosi ile mtoto ndiye aliyeshika kwanza, akamwambia mama yake habari za jino kwa furaha. Kisha Bibi akashika. Sauti ya Mwanahamisi ilikuwa inatoka nje ya kile chombo, kali, nyembamba, na tulisikia sote mle ndani, pamoja na wenye nyumba waliojifanya wanatazama pazia. "Mama, wewe? Wewe uliyetukataza pipi sie mpaka tukakuchukia? Mwanangu mmoja tu, mama, nimekuachia!" Bibi alimwacha amalize. Halafu akasema, taratibu, "Ni mimi, mwanangu. Nimezembea. Nisamehe." Nilikuwa karibu naye kiasi cha kugusa buibui lake. Nilifungua mdomo, wallahi nilifungua. Nikaufunga.

Siku mbili baada ya hapo nilifua mashuka, na nilipoinua godoro kutandika sikukuta karatasi hata moja ya pipi upande wa ukutani, mahali ambapo Asha alizoea kuzichomeka. Nikaangalia nyuma ya begi langu. Kopo halikuwepo. Nilikaa kitandani nikingoja kuitwa. Hakuna aliyeniita. Mchana Bibi alinituma kabatini nikalete karafuu za pilau ya mgeni, na kopo langu lilikuwa rafu ya juu, limeoshwa, limekaushwa, limejaa karafuu. Nilitoa nne, nikampelekea. Alizipokea, akasema, "Ahsante, mama." Akaendelea kupika. Mpaka leo sijui kama lilikuwa neno la msamaha au ni adhabu. Nadhani alinipa muda. Alinipa miaka ishirini na mitano.

Nilikaa pale mpaka sikukuu ya Idi iliyofuata. Asha hakuwa akilia tena saa ya kulala. Alinyamaza mwenyewe, kama ambavyo angenyamaza mwaka mzima uliopita ningemwacha na kumshika mkono tu. Lakini kila asubuhi alinifuata, akafungua mdomo kwenye mwanga wa mlango. "Hebu tazama, dada Pili. Limeota?" Nami nilimshika kidevu, nikachungulia kwa makini ya uongo, nikasema bado kidogo. Siku ya Idi sinia likawekwa kama kawaida, kata ikazunguka, na nilimwona Bibi anamsukutulisha yule mtoto maji mara tatu zaidi ya wenzake. Mwezi uliofuata nilipata nafasi ya kusoma ushonaji kwingine, nikaondoka. Sijui ni asubuhi ipi Asha aliacha kuuliza.

Siku hiyo ya arobaini nilikuwa bado nimekaa ukingoni mwa kitanda, kopo mapajani, Asha alipoingia. Sasa ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mama wa watoto wawili, na yeye ndiye aliyemwuguza Bibi mpaka mwisho. Nje watoto wake walikuwa wameketi mkekani na wenzao, halua na tende mbele yao, na nilikuwa nimemsikia muda mfupi kabla akiwaambia, "Haya, maji." Aliliona kopo, akaketi kando yangu. Basi nikamwambia. Nilianzia pipi ya kwanza nikafika kwenye simu, sikuruka hata mahali pamoja, na sauti yangu ilikuwa ya ajabu masikioni mwangu. Nikamwambia kwamba bibi yake amekufa amebeba lawama iliyokuwa yangu.

Asha aliinuka. Akasogea mpaka penye mwanga wa dirisha, akafungua mdomo, akavuta shavu la kulia kwa kidole.

"Hebu tazama, dada Pili," akasema. "Limeota?"

Nilimshika kidevu. Ufizi ulikuwa umejifunga, laini, na jino la nyuma lilikuwa limelala mbele kuliziba lile pengo, lisiweze. "Halijaota," nikamwambia. "Halitaota, Asha. Nilijua tangu siku ile uliporusha."

Akafunga mdomo. Alinifuta uso kwa ncha ya mtandio wake kabla ya kujifuta wake. "Nilipofika darasa la nne nilimuuliza Bibi," alisema. "Akaniambia halioti. Nikamwambia, mbona dada Pili kila siku alisema bado kidogo? Akasema, 'Dada yako atakwambia mwenyewe, siku akiweza.' Kila ukija hapa sikukuu, ukishaondoka, alikuwa ananiuliza, 'Kakwambia?'"

Akalichukua kopo mapajani mwangu, akalirudisha rafu ya juu.

"Alikungoja sana, dada."